Daraja Linashughulikiwa

3 Machi

Mdogo wangu Kifutio,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, na mama ni mzima, isipokuwa magoti yake, ambayo anasema yamestaafu kabla yake. Anakula vizuri na anasikia anachotaka kusikia. Anakusalimu, na anauliza kama ofisi yenu ina mlango wa kutokea au ina wa kuingilia tu. Nimemwahidi nitakufikishia swali kama lilivyo. Wifi hajambo? Na binti yenu wa mitihani, amemaliza au bado anajifungia chumbani na vitabu?

Najua utashangaa kupata barua. Simu ninayo, lakini huku mlimani inashika mtandao sehemu moja tu, nyuma ya choo cha kambi, na siwezi kuzungumza na ndugu yangu nimesimama kati ya watu wenye haraka. Isitoshe, miaka thelathini na moja nimechambua barua za wengine pale posta. Acha na mimi nifaidi stempu.

Habari yenyewe ni hii: nimejiunga na Walezi wa Njia. Ni kikundi cha watu wa kujitolea wanaotunza ile njia ya miguu inayopanda msituni mpaka kwenye uwanja wa kupigia kambi, kando ya mto. Nilistaafu Desemba. Januari nikapanga makabati. Februari nikayapanga tena yale yale, mama akaniambia, "Toka nje kabla hujanipanga na mimi." Nikatoka.

Tuko kumi na wanne. Mwenyekiti wetu tunamwita Itifaki, kwa sababu hawezi kuokota chupa kabla ya kuwatambua wageni waalikwa. Vikao vitatu vya kwanza tulijadili rangi ya vizibao. Wengine walitaka njano ili tuonekane, wengine kijani ili tufanane na msitu. Kijani ikashinda. Sasa tukiinama hatuonani, na Jumamosi iliyopita tulimsahau mwenzetu mmoja kule juu saa nzima. Ofisi yenu, inayosimamia njia hii, nayo imetusaidia: imetuletea vizibao arobaini na beleshi moja.

Lakini kazi naipenda, sikufichi. Nafanya na Kinyozi. Ni kinyozi kweli, ana kibanda chake karibu na soko, na Jumamosi humwachia mkewe mashine. Anafyeka majani kama anavyonyoa, anarudi nyuma hatua mbili na kutazama kama pande zimelingana. Tumezibua mifereji yote upande wa chini, maji sasa yanajua pa kwenda. Nikirudi nyumbani mgongo unauma na nalala vizuri.

Jambo moja linanikosesha raha. Njiani kuna korongo, na juu yake daraja la magogo mawili na mbao. Gogo la kushoto limeoza. Nimelichoma kwa kijiti, kijiti kikazama chote. Watu wanapita hapo na mahema mgongoni. Shemeji yake Kinyozi ni seremala na yuko tayari kulibadilisha hata kesho. Itifaki anasema daraja ni la Ofisi, haliguswi mpaka Ofisi iseme. Wewe si umo humo humo? Mnong'oneze mtu.

Dada yako

24 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake mkononi, halafu mwambie mlango wa kutokea upo, ila ufunguo anakaa nao mkubwa. Wifi yako hajambo, anakusalimu. Binti amemaliza mitihani na sasa anajifungia chumbani bila vitabu.

Nimecheka habari za vizibao mpaka jirani yangu wa meza akaniuliza kulikoni. Nimefurahi umepata shughuli. Kusema kweli tuliogopa utakuja kupanga makabati yetu.

Na mimi nina habari. Nimepandishwa cheo. Nimehamishiwa meza ya dirishani, napata hewa. Kazi ni makaratasi tu, mambo ya ndani, nisikuchoshe nayo. Mkurugenzi wetu ni mtu wa utaratibu. Mezani kwake ana trei tatu: Zinazoingia, Zinazotoka na Zinazotulia. Ile ya tatu imebidi iongezwe ukingo.

Kuhusu daraja, dada, kunong'ona hakusaidii. Fuata utaratibu. Andika barua rasmi, nakala tatu, na uambatishe Fomu ya Ombi la Kujitolea Zaidi ya Ulivyoruhusiwa. Kuna mahali watakuuliza una uzoefu wa miaka mingapi katika madaraja. Usipaache wazi, fomu yenye nafasi wazi hurudishwa. Jaza chochote cha kweli.

Kuja nitakuja. Ngoja mambo yatulie hapa.

Mdogo wako

12 Aprili

Kifutio,

Hatujambo. Mama alikuwa na mafua, yamekwisha, amewaambukiza majirani wawili na kuwalaumu wao. Mpe hongera binti yenu, mwambie alale akishiba usingizi aje huku ashike reki. Hongera na wewe kwa dirisha.

Niliandika kama ulivyonielekeza. Kwenye uzoefu wa madaraja nikajaza: "Nimeyavuka." Na mara hii nitaisifu Ofisi yenu, jibu limekuja ndani ya siku tisa. Nakunakilia:

"Tumeipokea barua yako kwa moyo mkunjufu na kifua cheupe. Tunapenda kukuhakikishia kwamba daraja husika linashughulikiwa. Kwa sasa lipo katika hatua ya awali ya kuelekea kuanza kwa tathmini. Aidha, watu wa kujitolea wanakumbushwa kuwa wajibu wao ni kufagia, kuokota na kutabasamu kwa wageni."

Nimeisoma mara tatu nikitafuta daraja ndani yake, sijaliona. Kinyozi akasema labda liko kwenye ile "Aidha".

Nilimsomea mama. Akauliza, "Huyo aliyeandika ana mama?" Nikamwambia nadhani anaye.

Hebu niambie, ni nani anayeandika barua hizi kule kwenu? Sina ubaya naye. Nataka tu kumjua.

Leo tumefika uwanja wa kambi. Wageni wa wiki iliyopita walitupa makopo mtoni, halafu wakachonga kwenye mti kwamba wanapenda mazingira. Tumeyatoa makopo. Mti tumeuacha na maneno yake. Nimeandika barua ya pili.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi yako ameanza kufanya matembezi ya asubuhi kwa ajili ya barua zako, anazunguka jengo mara mbili na kurudi kuzisoma tena.

Mama asimhukumu huyo mwandishi. Ni kitengo kizima, siwezi kukuonyesha mtu mmoja na kusema ndiye huyu. Ninavyojua mimi, mtu wa namna hiyo huandika anachoambiwa. Huenda kwenye rasimu ya kwanza aliandika "hatuna mpango na daraja lenu," akarudishiwa mara nne mpaka ikawa kama ulivyoipata. Lugha yenyewe si mbaya. Wapo wanaoandika vibaya zaidi.

Kuna jambo zuri. Mkurugenzi anakuja huko Julai kuizindua rasmi njia yenu. Najua utasema njia ilikuwepo, lakini haijawahi kuzinduliwa. Labda akiliona daraja kwa macho yake mambo yatakwenda mbio. Subirini kidogo.

Kuja kwangu bado nakupanga.

Mdogo wako

22 Mei

Kifutio,

Mama mzima, mimi mzima. Barua yako umeiandika tarehe 19 Aprili, na muhuri wa posta ni wa tarehe 11 Mei. Wiki tatu umeikalia. Mimi bahasha hainidanganyi, hata kama aliyeiandika anajaribu.

Nina majibu matatu sasa. La pili linasema daraja bado linashughulikiwa. La tatu linasema linaendelea kushughulikiwa. Kinyozi anasema hayo ni maendeleo.

Huku ni matayarisho ya mgeni rasmi asubuhi na jioni. Walikuja mabwana watatu wa Ofisi na mmoja wao akatembea njiani akihesabu hatua kwa sauti, kwa sababu Mkurugenzi ana mguu unaomsumbua. Alipofika mia na themanini akachoka yeye mwenyewe, wakachora mstari hapo. Mawe yote mpaka kwenye mstari yamepakwa chokaa. Baada ya mstari ni msitu kama ulivyokuwa. Daraja liko hatua elfu moja na mia mbili, nimezihesabu, kwa hiyo macho yake hayatalifikia.

Kisha shimo la mti. Kumbe kuna shimo karibu na maegesho ambamo kila mgeni rasmi hupanda mti. Nikauliza miti ya wageni waliopita iko wapi. Bwana wa Ofisi akanijibu kwa upole, "Mama, tukiiacha mle, huyu atapanda wapi?"

Kinyozi na mimi tulifunga kamba upande mbovu wa daraja na kibao: PITA MMOJA MMOJA, KULIA. Itifaki akakiondoa. Anasema rangi yake haijaidhinishwa, na kinaweza kuwatia watu hofu wakati tunasubiri ugeni. Nikamwambia hofu ndiyo niliyokuwa naitafuta. Hakucheka.

Basi nimeamua. Kila Jumamosi, wengine wakipaka chokaa, mimi nitasimama pale pale darajani na kuwavusha watu mmoja mmoja kwa mkono wangu. Kutabasamu nitatabasamu, si ndiyo kazi niliyopewa.

Dada yako

27 Juni

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya pili bila jibu, ya kwanza niliituma tarehe 6. Nimepiga simu, haipatikani. Najua ya kwamba mtandao uko nyuma ya choo, lakini hata huko huendi?

Kama umekasirika kwa sababu ya zile wiki tatu, una haki. Niandikie hata mistari miwili. Mama hajambo? Sisi wazima.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo kabisa. Usishangae mwandiko. Naandikiwa na Kinyozi, nikisema yeye anaandika. Mkono wangu umechoka kidogo na kufyeka. Mama mzima, ila ameanza kupika mwenyewe na hataki kuulizwa kwa nini.

Uzinduzi umepita Jumamosi. Mkurugenzi alifika saa nne kwa sherehe ya saa mbili. Aliwashukuru wananchi kwa kujitokeza, na wananchi walikuwa sisi, tumevaa vizibao vyote arobaini, kila mmoja viwili au vitatu ili ionekane tuko wengi. Akakata utepe. Akapanda mti. Akatembea hatua mia na arobaini, akasema ameridhishwa na hali ya njia nzima. Itifaki alitokwa na machozi. Kwenye risala alisoma kila kitu tulichofanya na vingine ambavyo hatujafanya, na daraja hakulitaja.

Baada ya wageni kuondoka tuliokota chupa za maji mia mbili na kumi na sita. Nasema tuliokota, mimi nilikaa kwenye kiti.

Huna sababu ya kuwa na wasiwasi.

Dada yako

Mimi Kinyozi naongeza kwa ruhusa yangu mwenyewe: kuna jambo nimekatazwa kuliandika, na sijaliandika.

1 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimelipata lile ambalo Kinyozi hakuliandika. Limekuja mezani kwangu kabla ya barua yenu, kwenye jalada la Matukio. "Mtu wa kujitolea, jinsia ya kike, umri wa miaka sitini na moja, amedondoka kwenye korongo baada ya gogo la kushoto kukatika. Amevunjika mkono wa kulia mahali pawili." Jina halikuwepo. Nikasoma "gogo la kushoto", nikajua.

Kwa nini limekuja mezani kwangu? Kwa sababu mimi ndiye Kitengo cha Majibu. Si kitengo kizima kama nilivyokuambia. Ni mimi na dirisha. Majibu yako yote matatu niliyaandika mimi, Mkurugenzi akatia saini.

Napenda kukujulisha kwamba nimesikitishwa sana na usumbufu uliojitokeza. Aidha, ikumbukwe kuwa maamuzi kuhusu daraja hayakuwa ndani ya uwezo wa meza yangu, na kwamba kwa nafasi yangu nilijitahidi kulipa suala lako uzito unaostahili.

Sasa nimeagizwa kuandika barua ya nne. Mkurugenzi aliniita akasema, "Andika kwamba alipanda juu ya daraja kinyume na maelekezo. Sauti iwe ya huruma, lakini kosa liwe lake." Rasimu iko hapa mbele yangu. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

13 Agosti

Kifutio,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nimeanza saa tatu asubuhi na sasa ni saa saba, kwa hiyo usitegemee madoido.

Nilijua. Tangu jibu la kwanza. Hakuna mtu mwingine duniani anayeandika "moyo mkunjufu na kifua cheupe". Uliitoa kwenye barua uliyomwandikia mwalimu mkuu ukiwa darasa la sita, ulipovunja kioo. Mimi ndiye niliyekusahihishia. Niliuliza ni nani anayeandika ili uniambie mwenyewe. Hukuniambia. Nikaendelea kuandika barua kwa Ofisi nikijua zinafika kwako, kwa sababu nilifikiri ya tatu au ya nne itakutia aibu.

Nilianguka hivi. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 30 Mei. Walikuja watu sita na mahema. Nikawavusha watano mmoja mmoja. Wa sita alikuwa msichana mwenye mzigo mkubwa, akayumba, akaweka mguu kushoto. Nikaingia kumvuta. Yeye akapona, mimi nikaenda na gogo. Kinyozi alinidaka kizibao, kikachanika, lakini kilinipunguzia kasi. Nililala juu ya mawe nikatazama lile gogo. Ndani lilikuwa unga mtupu.

Kinyozi na shemeji yake walinishusha kwa machela ya matawi. Itifaki alikuja hospitali na maua, akaniomba nisiseme mpaka uzinduzi upite. Tangu Mei mpaka sasa watu wanavukia gogo moja.

Sasa nisikilize. Mkono wangu si usumbufu uliojitokeza. Wala si "suala". Ni mkono. Siwezi kufunga kifungo cha gauni, mama wa miaka themanini na nne ananivisha kila asubuhi kama mtoto na kunikosea kila siku, kifungo cha juu kwenye tundu la pili. Amejua yote. Nilimsomea barua yako kwa sababu aliniuliza kwa nini nalia. Kisha akasema, "Mwambie asiandike. Aje."

Mimi sijui kama nimekusamehe. Nitakuambia nikijua. Kuhusu rasimu yako, sikupi ushauri. Wewe ni mtu mzima mwenye dirisha.

Dada yako

8 Septemba

Dada,

Shikamoo. Wifi yako amelia, binti amekasirika na haongei nami vizuri.

Nilijua gogo limeoza tangu barua yako ya Machi. Niliandika linashughulikiwa kwa sababu ni rahisi kuandika, na kwa sababu kila nilipoandika vingine karatasi ilirudi na mstari mwekundu. Niliogopa kurudi kwenye meza ya korido. Ni hivyo tu. Nimetafuta namna ya kulisema vizuri zaidi, sikuipata.

Nikuambie nilichofanya. Mimi si mtu wa kupiga meza, unanijua. Niliandika ile barua ya nne kama nilivyoagizwa, neno kwa neno, huruma juu na kosa lako chini. Halafu chini ya mahali pa saini nikaandika "Viambatisho". Nikaambatisha barua zako zote tatu, majibu yetu yote matatu, na ile fomu uliyojaza "Nimeyavuka". Chini ya viambatisho nikaandika, "Nakala: Bodi." Nikaiweka kwenye trei.

Mkurugenzi husoma mpaka inapoishia saini yake. Akasaini. Ikaenda.

Siku nane baadaye aliniita. Bodi ilikuwa imemwandikia ajieleze. Alikuwa na nakala mkononi akiitazama kama kitu kilichomng'ata.

"Hii nimesaini mimi?"

"Ndiyo, mkuu."

"Ulijua kilichomo?"

"Nilikiandika mimi, mkuu. Na yale majibu pia."

"Na huyu mwanamke anayeandika kila mwezi ni nani hasa?"

"Ni dada yangu."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Daraja lenyewe liko hatua ya ngapi?" Nikamwambia elfu moja na mia mbili. Akasema hakuambiwa kama njia inaendelea kupita pale kwenye mstari. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajitetea au alikuwa anasema kweli, na sijui lipi ni baya zaidi.

Matokeo ni haya. Bodi imeagiza daraja litengenezwe mara moja. Ofisi imegundua kwamba haina fundi hata mmoja, ina maofisa wa ufundi tu, kwa hiyo imewaruhusu Walezi wa Njia "kujitolea kwa dharura". Kibali kinakuja kwa Itifaki. Mkurugenzi amehamishiwa makao makuu, ambako nasikia kuna trei kubwa zaidi. Mimi nimehamishiwa ghala la vifaa. Hakuna dirisha. Kuna vizibao elfu tatu na nimehesabu mabeleshi mia nne ambayo hayajawahi kutoka.

Nimepewa likizo ya siku kumi ambayo sikuiomba. Nitafika Ijumaa ya tarehe 25. Mwambie mama sitaandika tena kabla ya hapo.

Mdogo wako

26 Oktoba

Mdogo wangu Kifutio,

Natumaini ulifika salama na malengelenge ya mikono yamekauka. Mpe wifi salamu, mwambie chai aliyokupa imefika nusu, nusu ulikunywa njiani, nimeona pakiti. Binti naye nimemwandikia peke yake. Nilimweleza ulivyobeba gogo na ulivyoliangusha mara ya kwanza. Nilimweleza na mara ya pili.

Plasta imetolewa. Mkono umekonda na hauinuki juu ya bega, lakini unashika kalamu, kama unavyoona.

Huku umetuletea balaa na mabeleshi yako. Yamefika hamsini. Itifaki ameitisha kikao cha jinsi ya kuyapokea. Shemeji yake Kinyozi anakusifu, anasema kwa mtu wa karatasi hukumtia hasara ya misumari mingi. Ofisi imebandika kibao pale darajani, kinasema limejengwa na Ofisi kwa kushirikiana na wadau. Nilikuwa tayari kukasirika, kisha nikaona watu wanakitumia kusafishia viatu. Nimekiacha.

Ulipokuwa hapa uliniuliza kama nimekusamehe, na mimi nikakuagiza kuchota maji. Bado sina jibu kamili. Siku nyingine naamka nimesamehe, halafu nafika kwenye vifungo vya gauni. Lakini nilikutazama ile siku ya pili, umelala kifudifudi juu ya gogo jipya unakaza kamba, na korongo chini yako, na wewe mahali pa juu tangu utotoni hupawezi. Hukusema kitu. Hilo nimeliona.

Ninachotaka kukuandikia hasa ni jana. Mama alisema anataka kuliona hilo daraja. Nikamwambia magoti. Akasema magoti ni yake. Kinyozi akaja na toroli, tukaweka mto ndani, tukamketisha na kumsukuma. Watu waliokuwa wanashuka walitupisha na kutusalimu kama tumebeba mwali. Darajani akakataa toroli. Alivuka kwa miguu, Kinyozi mbele, mimi nyuma, anahesabu mbao kwa sauti. Ilituchukua kama robo saa. Kuna watu sita walisimama ng'ambo wakasubiri, na hakuna aliyemharakisha.

Tukamfikisha kwenye uwanja wa kambi, tukamtandikia kanga kando ya mto. Hapakuwa na mtu. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Sasa huku kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni miti na maji."

"Na ndicho ulichovunjikia mkono?"

"Ndicho."

"Na mwenzako akafukuzwa dirishani."

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa. Nilidhani atanisema njia nzima ya kurudi. Akavua viatu, akatumbukiza miguu majini, akakaa. Kinyozi akalala. Mimi nikaokota vijikaratasi viwili vitatu, nikamaliza, nikakaa na mimi. Saa moja ikapita, ikaja ya pili, jua likaanza kuinama. Nikamwambia mama, tuondoke sasa, njia ni ndefu.

Hakugeuka hata kunitazama. Akasema, "Tangulieni."

Dada yako